Bibi kachukia

Kikwajuni, Unguja
Alhamisi usiku

Mama Kulwa, shoga yangu,

Hamjambo huko? Wabusu mapacha. Ujumbe wako wa juzi niliusoma ndani ya daladala nikacheka peke yangu, watu wakanigeukia. Eti unataka kumwambia wifi yako "umenichukiza", ila unaogopa asije akadhani unamchukia? Mwambie, shoga. Kilichokuchukiza ni lile alilolitenda. "Nakuchukia" ndiyo usiithubutu, hapo umekata undugu, na kwenye kipaimara cha mapacha hutamwona wifi hata mmoja.

Lakini ngoja nikuchanganye kidogo. Mwezi wangu wa kwanza huku nilichelewa Darajani, nikala chipsi hukohuko. Kumbe mwenye nyumba kanipikia pweza wa nazi! Nafika mlangoni, mjukuu wake ananinong'oneza: "Bibi kachukia." Weee! Nilikaa kitandani nikihesabu kodi ya miezi sita niliyokwisha kulipa, nawaza nitahamia wapi. Sisi bara tukisikia mtu kachukia tunauliza kamchukia nani, na jambo hilo haliishi kwa usiku mmoja.

Alfajiri, hodi. Bibi na mkate wa ufuta mkononi. "Jana nilichukia kweli, mwanangu. Nimekaa na pweza wangu mpaka kapoa. Haya, njoo unywe chai."

Alikuwa amekasirika tu! Huku "kachukia" tupu, bila kutajwa mtu, mara nyingi ni hasira ya kawaida, na "usichukie" ni usikasirike. Chuki yenyewe wanayo kama sisi, ila hapo utasikia "anamchukia". Hiyo "m" moja ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kuna na kukirihi, nimelipenda hilo. Doriani, lile tunda la harufu kali, linanikirihi, siwezi kulipita sokoni bila kuziba pua, na wenzangu wanaligombania. Karaha ni ndugu yake, na makruhu pia ni wa ukoo huohuo wa Kiarabu. Bibi ndiye aliyenieleza: ukila kitunguu saumu kibichi kisha ukaenda msikitini, hujatenda haramu, umetenda makruhu. Haipendezi, basi.

Ukiniuliza mimi, kali kuliko yote ni kinyaa, maana hicho kinaanzia tumboni. Unayemchukia unaweza kula naye sinia moja msibani. Anayekutia kinyaa, tonge halishuki. (Unamkumbuka yule jirani yetu wa kutema mate kizingitini? Basi.)

Kwa hiyo wifi mwandikie leoleo, "umenichukiza", kisha umtajie na kosa lenyewe asikae kubuni. Ila kinyaa usikiingize humo, nakujua ukipandisha.

Nikija likizo ningekuletea doriani uonje, sema ni basi gani litakalokubali kunipakia nalo mpaka Mwanza?

Mwenzio wa Kikwajuni