Kabla ya kunipima presha, niacheni nikae

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni fundi cherehani, na mwaka wa nne sasa nimo katika utafiti wa kituo cha chuo kikuu kinachochunguza maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Nilijiunga kwa hiari yangu na sijutii.

Safari hii lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ghorofa tatu kwa miguu. Sijatua hata mkoba, kijana akanifunga mkanda wa mashine mkononi, juu ya sweta, huku akiniuliza nina watoto wangapi. Ikasoma 158 kwa 94. Akaandika. Nikamwomba arudie. Nikavua sweta, nikakaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo: 134 kwa 84. Kwa kipimo kinachotumika sana, presha huhesabiwa imepanda kuanzia 140 kwa 90, kwa hiyo ugonjwa wangu ulikuwa ngazi. Kipimo cha pili hakukiandika. Eti fomu ina nafasi moja.

Kwenye kiuno ndipo nilipocheka. Futi aliipitisha juu ya sketi, mbele imebana, nyuma inaning'inia. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akishatoa pumzi. Hata mimi, mteja akivuta tumbo ndani, namsubiri apumue, maana gauni atalivaa akiwa anapumua.

Najua wakubwa wa kituo watasema kwamba katika watu maelfu kosa moja humezwa. La mmoja, sawa. Lakini sote tukipimwa tukihema, kosa linaelemea upande mmoja, na kuongeza watu hakulipunguzi.

Utafiti wa Framingham, Marekani, ulianza mwaka 1948 na watu 5,209, ukaendelea hadi kwa watoto na wajukuu wao. Zamani madaktari wengi waliona presha kupanda uzeeni ni jambo la kawaida tu. Vipimo vya watu wale, vilivyorudiwa kila baada ya miaka miwili hivi, vilisaidia kuonyesha kwamba presha hiyo huleta kiharusi na maradhi ya moyo. Namba zetu nazo zitasomwa tukiwa hatupo.

Basi tuwekewe viti nje ya chumba, tupimwe mara mbili au tatu, na wenye mikono minene wapate mkanda mpana, kwani mdogo huzidisha presha. Futi nitakuja kuwafundisha mwenyewe. Nusu saa inatosha, wala sidai malipo.

Fundi cherehani,
mshiriki wa utafiti