Kona zako za Kigamboni

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Huku wazima, joto tu ndilo linatukomesha. Picha za kona za kuta zako nimeziona. Kona ya korido imeliwa mpaka tofali linachungulia, na ile ya mlango wa jikoni imevimba. Unasema fundi anataka kujaza jipsamu, kupiga msasa na kupaka rangi, kazi ya nusu siku. Usimkubalie.

Jipsamu ni ya dari na ya kulainisha ukuta mkavu. Kona inayopitishiwa makochi na mitungi ya gesi inataka simenti na mchanga. Tena jipsamu na unyevu haviivi chungu kimoja, na huko kwenu unyevu haukosekani.

Hiyo ya jikoni ina lake jambo. Tazama bomba la sinki upande wa pili wa ukuta. Ukiona unga mweupe unatoka kwenye lipu, hiyo ni chumvi. Maji yanaisukuma nje, yanakauka, inabaki. Bomba lizibwe kwanza, ukuta ukauke, chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu. Usiioshe, utairudisha ndani. Bila hivyo hata lipu mpya itabanduka.

Kisha fundi agonge pole pole kwa nyundo ndogo kuzunguka palipoharibika. Panapolia utupu, lipu imeshaachana na tofali hata kama kwa macho ni nzima, na yote itoke kwa tindo. Ila asikubomolee ukuta mzima! Wengine hupenda hivyo maana kazi inakua na bei inapanda. Akishasafisha vumbi aloweshe tofali, maana tofali kavu hunyonya maji ya lipu kabla simenti haijashika.

Mchanganyiko ni ndoo moja ya simenti kwa nne za mchanga uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Simenti ya 32.5 (namba hiyo ni ya nguvu yake) inatosha kabisa kwa lipu. Anayekung'ang'aniza ya 42.5 anakukamua tu. Wala asizidishe simenti akidhani ndiyo nguvu. Ikizidi, lipu husinyaa inapokauka na kupasuka.

Sasa ubao wa kunyooshea kona. Hapo ndipo utakapomjua fundi. Ubao ulionyooka, mrefu kupita sehemu iliyovunjika, unashikizwa upande mmoja wa kona, ukingo wake utokeze sawasawa na unene wa lipu ya upande wa pili. Anaupima kwa timazi, anajaza upande huo wa pili, anasawazisha kwa kufuata ukingo wa ubao. Lipu ikishika, ubao unatolewa taratibu na kuhamishiwa upande uliojazwa, halafu anamalizia uliobaki. Shimo likiwa na kina, ajaze kwa awamu mbili, ya kwanza aikwaruze ili ya pili ipate pa kushikia. Fundi wa kunyoosha kona kwa jicho utamjua usiku, ukiwasha taa ya pembeni. Mwishoni mwambie aivunje makali kidogo, kwani kona kali kama wembe ndiyo ya kwanza kumeguka.

Zipo pia pembe za kona, yaani vipande virefu vya plastiki au bati vyenye matundu, zinazofukiwa ndani ya lipu. Ukizipata Kariakoo chukua za plastiki. Za bati zikikwaruzika, hewa ya bahari itazipa kutu na doa litatokea juu ya rangi.

Lipu inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Rangi isubiri, mwezi hivi, maana simenti mbichi huiunguza. Najua unataka kumaliza kabla ya harusi ya mdogo wako. Kona za korido zifunike na vitenge, wageni watakula pilau bila kuuliza.

Vifaa nunua mwenyewe, na fundi umlipe kwa kazi, si kwa siku. Jumamosi nitavuka na pantoni nikuletee ule ubao wangu wa alumini. Jikoni asianze kabla sijafika, hilo bomba nataka kuliona kwa macho yangu.

Wasalimie watoto.

Shogako,
Mwanaidi