Data ikifutika, diski isiguswe

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze yaliyotupata katika chama chetu cha akiba na mikopo, ambako mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi, kwani naamini ofisi nyingi ndogo hutunza kumbukumbu kama tulivyokuwa tukitunza sisi: kanzidata moja yenye kumbukumbu zote, seva moja, yaani kompyuta inayoitunza, na nakala rudufu ambayo kila mtu alidhani mwenzake anayo.

Fundi aliyeitwa kupunguza mafaili yaliyojaza seva alifuta folda nzima ya kanzidata yetu, inayoendeshwa na programu iitwayo MySQL. Kwa hilo simlaumu sana. Januari 31, 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kutunza misimbo ya programu mtandaoni yenye wataalamu wa kila aina, alifuta kwa bahati mbaya takriban GB 300, na ndipo ilipobainika kwamba nakala walizozitegemea hazikuwa zikitengenezwa.

Ninacholalamikia ni kilichofuata. Seva yetu inatumia mfumo endeshi wa Linux, na humo faili lililofutwa huku programu ingali imelifungua halitoki kwenye diski mpaka programu hiyo ifungwe, kwa hiyo muda wote MySQL ilipokuwa ikiendelea kufanya kazi, mafaili yetu yangeweza kunakiliwa. Fundi aliizima mashine, akaiwasha, kisha akasakinisha programu upya kwenye diski ileile, na kila alichoandika kikafunika sehemu ya data iliyosalia.

Fundi wa pili, ambaye tungemwita mwanzo laiti tungemjua, aliichomoa diski, akainakili yote kwenye nyingine, na hakuigusa tena ile ya asili. Ndani ya nakala hiyo alitafuta kurasa, yaani vipande vya data vya KB 16 kila kimoja, ambavyo ndivyo MySQL hupanga data kwa kawaida, akapata jedwali la wanachama na la mikopo. La marejesho lilitoka vipande vipande. Tuliliunga kwa stakabadhi, kwa meseji za miamala ambazo wanachama hawakuzifuta, na kwa madaftari yao; la mama mmoja muuza dagaa lilikuwa linanuka bidhaa yake, lakini halikukosa rejesho hata moja.

Wapo wanachama wawili ambao madai yao ya marejesho hatuwezi kuyathibitisha wala kuyakataa. Nashauri wakaguzi wa vyama vya ushirika wasiridhike kuambiwa kwamba nakala rudufu ipo, bali waombe irejeshwe kwenye kompyuta nyingine wakiwa wameketi hapohapo.

Mjumbe wa kamati,
Morogoro