Kuomba tunaomba, Mhariri

Mhariri,

Msomaji wenu wa wiki iliyopita ameandika kwamba wanawake vyuoni hawapandi vyeo kwa sababu hawaombi. Angetaka mfano, upo: Donna Strickland wa Kanada alipotwaa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018 alikuwa bado profesa mshiriki, na alipoulizwa alijibu kwamba hakuwahi kuomba.

Haya, na walioomba? Mwaka 1997 watafiti wa Sweden, Christine Wennerås na Agnes Wold, walichapisha uchambuzi wa alama walizopewa waombaji wa ufadhili wa utafiti wa tiba nchini mwao. Ili mwanamke apewe alama za umahiri sawa na mwanaume wa kawaida, ilibidi kazi zake zilizochapishwa ziwe na uzito mara 2.5 ya za huyo mwanaume. Na hiyo ni Sweden, inayosifiwa kwa usawa!

Mimi ni mhadhiri. Fomu yetu ya kupanda daraja hutazama kwanza makala zilizochapishwa. Sasa njoo kwenye kikao cha idara. Mwenyekiti hajakaa vizuri, macho yote kwangu: "Dada, tuandikie kumbukumbu, wewe ndiye makini." Wanaume watupu wenye shahada za uzamivu, ghafla hakuna anayejua kuandika. Kikao kikifungwa wao hao, wanarudi kwenye makala zao. Mimi nabaki nanyoosha yatokanayo na kuwakumbusha ahadi walizotoa. Mwanafunzi akiangua kilio analetwa kwangu. Mgeni akija, chai yake ni juu yangu. Kwenye fomu yote hayo yanaingia mstari mmoja, "huduma kwa idara", na alama zake hazimpandishi mtu.

Tena ufadhili mwingi hutaka aliyemaliza uzamivu miaka michache iliyopita, ile ile miaka ya kuzaa na kunyonyesha. Baraza la Utafiti la Ulaya huwaongezea akina mama miezi 18 kwenye muda huo wa kuomba kwa kila mtoto. Wengine wanashindwa nini?

Ninachodai mimi hakina hata gharama: kumbukumbu ziandikwe kwa zamu, maprofesa wakiwemo, na kazi hiyo ipewe alama za maana. Nimeshalitoa pendekezo hili kikaoni. Lilipokelewa vizuri, nikaombwa niliingize kwenye kumbukumbu.

Mhadhiri
(Jina limehifadhiwa)