Mwanangu, kuhusu huyu wa tatu

Mwanangu,

Sisi huku Pangani hatujambo, mkeo anaendelea vizuri, mtoto ananyonya na usiku analala. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu jambo likikukaa vibaya unasema mama mtandao unakatakata, barua utaisoma mpaka mwisho.

Jumapili mkeo alikutumia watsapp picha ya huyu binti yenu wa tatu nawe ukajibu neno moja tu, "Tena?" Aliniletea simu nikaona. Hakulia wala hakusema kitu, alinionyesha tu akarudi kitandani akageukia ukutani na mtoto wake. Tangu siku hiyo sijalala vizuri baba, na nitakwambia kwa nini.

Wewe una dada watatu wakubwa na hujawahi kuuliza ilikuwaje. Nilipomzaa yule wa tatu, bibi yako aliingia chumbani, akafunua kanga ya mtoto akatazama, akaifunika, akatoka bila kunipa hata pole. Baba yako akalala kwa kaka yake siku nne. Wifi zangu wakaanza kusema atafutiwe mke mwingine mwenye tumbo la kuzaa wanaume. Halafu ukaja wewe, vigelegele vikafika mpaka barabarani, mimi nikalia, wote wakadhani ni furaha. Nililia kwa sababu tumbo lilikuwa lile lile.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Nilikuwa nesi tayari, nilishafundishwa darasani, na kliniki nilikuwa nawaonyesha kinamama kwa makopo mawili. Kopo la kwanza la mama, nimejaza kunde tupu. Kopo la pili la baba, kunde na choroko nusu kwa nusu zimechanganywa. Namwambia mama fumba macho, chota moja huku na moja kule. Ikitoka kunde na kunde ni msichana, ikitoka kunde na choroko ni mvulana. Wanachota wanacheka, wanachota tena, halafu mmoja anaacha kucheka anauliza, sasa nesi, choroko mimi nitaitoa wapi? Ndo hapo. Kwenye kopo la mama choroko haipo, haijawahi kuwepo, achote mpaka jioni.

Kitaalamu ni hivi. Kwa kawaida mtu ana kromosomu 46, yaani vijinyuzi ndani ya seli vinavyobeba urithi, jozi 23, na jozi moja ndiyo ya jinsia. Mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja, X ndiyo ile kunde, Y ndiyo choroko. Yai la mama siku zote linabeba X. Mbegu za baba zinatoka kwa mamilioni, karibu nusu zina X na nusu zina Y, na ile inayoingia kwenye yai ndiyo inayomaliza habari, siku hiyo hiyo, kabla hata mkeo hajajua kama ana mimba. Mwanamke mmoja wa Marekani, Nettie Stevens, ndiye aliyeonyesha jambo hili mwaka 1905 akichunguza wadudu wanaokula unga, akakuta dume ana kromosomu moja ndogo ambayo jike hana. Miaka yote hiyo imepita na bado kuna mwanamke anageukia ukutani.

Na hata hiyo Y yenyewe, wiki sita za mwanzo huwezi kutofautisha, watoto wote wanakua sawasawa, wana viungo vya mwanzo vya pande zote mbili. Halafu kuna jeni moja, kipande kidogo cha urithi kwenye Y, inaitwa SRY, inaamka, inaamuru korodani zianze, korodani zinatoa homoni na mwili unashika njia ya kiume. Wanasayansi wa London waliitambua mwaka 1990, na mwaka uliofuata wakaiweka kwenye mayai ya panya yaliyokwisha kurutubishwa, panya mwenye X mbili akakua dume. Mara chache jeni hiyo hukosekana au haifanyi kazi, ndo unakuta mtoto ana Y na amezaliwa umbo la kike. Niliwahi kumpokea mtoto ambaye hatukuweza kusema ni yupi, mama yake akafungiwa nyumba na mume, na alikuwa hajakosa lolote yule dada.

Sasa usije ukageuza ukaanza kujilaumu wewe. Nikisema ni mbegu ya baba sisemi baba anachagua. Huchagui, hujui, huwezi kuituma. Kila mimba inaanza upya, haijali waliotangulia. Duniani wavulana wanaozaliwa ni kama 105 kwa kila wasichana 100, kwa hiyo chukua familia nane au tisa zenye watoto watatu watatu, moja hapo utakuta wasichana watupu, na hakuna aliyewaroga.

Nasikia shangazi yako amekwambia mhesabu siku za kukutana ili mpate wa kiume, na kuna mtu anauza dawa ya mtoto wa kiume. Hela yako usimpe. Hizo hesabu za siku zimepimwa, mwaka 1995 huko Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 221 waliokuwa wanatafuta mimba, wakaandika siku walizokutana na waume zao na siku yai lilipotoka, siku haikubadilisha jinsia ya mtoto. Muuza dawa yeye hata asipofanya kitu atapatia kwa nusu ya wateja, na hao ndio watakaomsifia mtaani.

Ulipokuwa mdogo nilikupeleka Ushongo kuona vitoto vya kasa vikitoka mchangani, unakumbuka ulivyokimbia navyo mpaka kwenye maji? Kasa hawana X na Y kama sisi, wao ni joto la mchanga, ukizidi nyuzi 29 hivi wanatoka majike wengi, ukipoa wanatoka madume. Na hawa kuku wangu hapa uani, kwao ni mtetea ndiye anayebeba tofauti, siyo jogoo. Kwa hiyo ungeoa kuku ungekuwa na haki ya kumuuliza. Umeoa binti wa watu ambaye alichokuwa nacho ni kunde, akakupa.

Bibi yako sikuwahi kumuwekea yale makopo. Niliogopa, nikasema atanizoea tu, akafa hajajua, na baba yako pia nilimwambia wakati nywele zimeshakuwa nyeupe, akakaa kimya muda mrefu akaniambia mbona hukusema. Sikuwa na jibu.

Nimemwambia mkeo utafika Ijumaa. Siku ya saba ni Jumamosi, mbuzi nimeshamuona kwa jirani na shehe nimeshamwambia. Mtoto hana jina bado, mkeo amekataa kumpa, anasema baba yake atakuja nalo. Njoo nalo. Na hilo neno ulilomtumia, lifute kwa mdomo wako mwenyewe ukishaingia chumbani, kabla hujamshika mtoto.

Mama yako