Adrenalini isingoje daktari

Bwana Mhariri,

Mtoto akila karanga, au mchoma makala akiumwa na nyuki, kisha midomo ikavimba, pumzi ikabana na presha ikashuka, huo ni mzio mkali, na dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini. Katika vituo vidogo, mara nyingi kinachotangulia ni deksametazoni au prometazini. Prometazini hutuliza mwasho na vipele, deksametazoni huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Hakuna inayofungua koo kwa wakati. Muuguzi anajua hivyo, ila anamngoja daktari amruhusu.

Marekani walitunga sheria mwaka 2013. Haikulazimisha shule: iliyapa majimbo yanayoagiza adrenalini iwe shuleni kipaumbele katika baadhi ya misaada ya serikali kuu, mradi wawepo watu waliofunzwa na sheria iwakinge wanaochoma. Uingereza, tangu Oktoba 2017, shule hununua kalamu za adrenalini (sindano za kujichoma zenye umbo la kalamu) bila cheti cha daktari. Kalamu huja na kipimo tayari, lakini kwa bei yake tusiiote hapa Lubumbashi. Sisi tuna ampuli, yaani kichupa kidogo cha kioo: mililita 1 ya dawa yenye miligramu 1 ya adrenalini.

Ampuli inataka hesabu. Ni miligramu 0.01 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 15 apate mililita 0.15, mtu mzima 0.5, na isizidi hapo kwa mara moja. Bomba la sindano la mililita 5 haliwezi kupima 0.15, litafutwe la mililita 1. La insulini lina alama za yuniti, na sindano yake fupi haifiki msulini. Ichomwe katikati ya paja, upande wa nje. Ikiingia mshipani bila kuzimuliwa, moyo unaweza kuvurugika. Dakika 5 zikipita bila nafuu, irudiwe.

Mgonjwa alale, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida akae. Kumsimamisha ili apande pikipiki ni hatari kubwa, kwani damu hushuka miguuni na moyo unaweza kubaki mtupu. Itafutwe gari atakamolala. Hata akipata nafuu, abaki hospitali saa kadhaa, maana hali huweza kurudi.

Sheria ya afya ya umma ya 2018 hapa Kongo ipo. Tunachomwomba waziri wa afya ni arete fupi, yaani amri ya waziri: muuguzi aruhusiwe kuchoma bila kungoja, na mwalimu aliyefunzwa asishitakiwe akisaidia kwa nia njema. Kila kituo, pamoja na kila famasi inayochoma penisilini, kiwe na ampuli 3 na mabomba yake mahali pamoja, si ndani ya kabati ambalo ufunguo wake uko kwa mkubwa aliyekwenda mkutanoni. Na mkaguzi azitazame kila mwezi, hasa Oktoba joto linapopanda: zilizogeuka kahawia zitupwe, zinunuliwe nyingine.

Wauguzi, Katuba, Lubumbashi