Harambee ya Familia ya Nyarugusu: Zimebaki Dola 14,200

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa usharika.

Faili la maombi ya kuidhamini familia yetu ya wakimbizi sita, walioko kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, ije kuishi Kanada, liliwasilishwa kabla ya tarehe 29 Novemba 2024, siku Kanada iliposimamisha kupokea maombi mapya ya udhamini kutoka vikundi vya watu watano wanaodhamini pamoja na kutoka jumuiya kama yetu. Kwa hiyo linaendelea. Likifutwa kwa kukosa fedha, tusitegemee kupata nafasi nyingine kirahisi.

Wengi mnauliza: kwani serikali hailipi? Inalipa kwa wakimbizi iliowachagua yenyewe. Kwa wanaodhaminiwa na wananchi, serikali hutoa ukaazi wa kudumu wakitua na kugharamia matibabu ya mwanzo. Nyumba, chakula na nguo kwa miezi 12 ni juu yetu. Nauli ya ndege huwa mkopo usio na riba, na familia huulipa yenyewe.

Utaratibu huu wa wananchi kudhamini wakimbizi ulishika mizizi kwa Wavietnamu. Julai 1979 serikali ilitangaza kupokea watu 50,000 kutoka Vietnam, Laos na Kambodia, ikaahidi kwamba kwa kila mmoja atakayedhaminiwa na wananchi, nayo itamdhamini mwingine. Lengo likapandishwa hadi 60,000, na zaidi ya nusu yao walidhaminiwa na watu kama sisi. Hesabu ile ya mmoja kwa mmoja haipo tena. Dola ya usharika leo haivuti dola ya serikali.

Bajeti ya kamati ni hii: kodi ya nyumba dola 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka, chakula na usafiri 1,100 kwa mwezi, jumla 13,200, vitanda, vyombo na nguo za baridi 6,000. Zote ni 43,200. Kwenye akaunti ya benki tayari tunazo dola 29,000.

Kinachoweza kuangusha kikundi ni ahadi zisizolipwa. Taarifa ya safari huja muda mfupi kabla ya ndege, na hapa Ontario mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi wa kwanza na wa mwisho papo hapo, dola 4,000, kwa wapangaji wasio na historia yoyote ya mikopo. Tukianza na ahadi mkononi badala ya fedha, kodi itakwama mwezi wa saba au wa nane. Msiihesabu posho ya watoto inayotolewa na serikali pia: ni haki ya wazazi, na huchelewa kuanza. Na tafadhali, asiwepo wa kuwapigia simu kambini kuwaomba "chochote". Kumtoza mkimbizi kwa ajili ya udhamini ni marufuku, na kunaweza kulifuta faili.

Watu 71 wakitoa dola 200 kila mmoja, tumemaliza. Asiyeweza zote atoe 50 kwa miezi minne. Fedha taslimu mpeni mhazini baada ya ibada, mchukue risiti hapo hapo. Wanaotuma kwa benki waandike "Nyarugusu", la sivyo zitaingia kwenye sadaka ya kawaida. Vitanda na makoti tunapokea, ila magodoro yaliyotumika hapana, kwa sababu ya kunguni.